Ni Mfano Tu: Neno la Kufunga Chumba cha Lugha, Karatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Katibu Tarafa. Baba Paroko, mwenye nyumba hii. Mzee Patrisi, Mwenyekiti wetu wa Kijiji. Daktari Clemensi na wenzako mliotoka Chuo Kikuu. Ndugu wageni waalikwa. Akina mama wa kliniki mlioacha kazi zenu mkaja na watoto mgongoni kama mimi. Na ninyi ndugu zetu wa Ngorongoro mlioshuka asubuhi hii kwenye ukungu na baridi: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kwanza naomba radhi. Huyu niliyembeba anaota meno. Akilia nitanyamaza kidogo, nitamtuliza, kisha nitaendelea. Hotuba yenyewe nimeiandika huku nikimnyonyesha, kwa hiyo mkiona mahali inaruka, mjue hapo aliniuma.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wasaidizi wa lugha, maana leo tunakifunga chumba chetu, masanduku ya kanda yako tayari ndani ya Landrova pale nje, na kuanzia wiki ijayo chumba kitawekwa mbegu za ngano. Wasaidizi tulikuwa wawili. Mimi Blandina, Mama Antonia, mtu wa Daa, nilikuwa wa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu. Mwenzangu Nosim, mtu wa Ngorongoro, alikuwa wa Kimaasai. Mnaniona mimi peke yangu hapa mbele. Nosim hakuja. Nitawaeleza kwa nini hakuja, na nikishaeleza nitakuwa na ombi moja, halafu nitakaa chini.

Kwa wale ambao hamkuwahi kuingia kwenye chumba kile, niseme kilikuwa cha nini. Akina mama wa hapa mnajua. Siku ya kliniki nesi anasimama na kueleza kwa Kiswahili: mtoto akiharisha fanyeni hivi, akitapika fanyeni hivi. Sisi tuliopita darasa la saba tunaelewa. Mama aliyetoka boma la juu, au bibi wa Mbulumbulu ambaye shule aliiona kwa mbali, anaitikia ndiyo, ndiyo, anachukua mtoto wake na kuondoka, na alichokipata ni ile sauti tu. Daktari Clemensi aliliona hilo. Yeye ni daktari wa lugha, si wa dawa, na ni mtoto wa Oldeani. Baba yake alichuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu na mama yake alikuwa wa hao hao wanaoitikia ndiyo. Akaenda kusoma mbali, akarudi na wazo: mashine ya kompyuta ambayo ukiiandikia jambo moja kwa Kiswahili, italitoa kwa Kiiraqw na kwa Kimaasai, nalo litasomeka kama limesemwa na mtu wa nyumbani. Makaratasi yangechapwa, yangepelekwa kila kliniki, na atakayejua kusoma angemsomea mwenzake.

Siku ya kwanza alituketisha akatuambia, nanukuu maneno yake kwa sababu niliyapenda, na mpaka leo nayapenda: "Mama Antonia, waliotangulia kwenye kazi hii waliipa mashine maneno matupu. Sasa ukimmwagia fundi miti uwanjani, umepata nyumba? Lugha ina nguzo zake. Nyumba ya Mmbulu huwezi kuisimamisha kwa nguzo za boma la Mmaasai. Sisi tutaipa mashine nguzo kwanza, za kila lugha peke yake, maneno yatafuata."

Nosim akacheka. Akasema, "Nyumba ya Mmbulu ina nguzo? Mimi nilisikia ni shimo. Babu yangu alikuwa anapita na ng'ombe juu ya paa la bibi yake huyu, asijue kuna watu chini."

Nikamjibu, "Ng'ombe wa nani hao aliokuwa anapita nao?"

"Wetu! Mungu alitupa wote. Wenu walikuwa wamepotea njia tu."

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea. Nosim alikuwa anashuka kila mwezi, anakaa kwangu wiki nzima na mwanawe. Alikuwa binti, mtoto wake wa kwanza, rika moja na Antonia wangu. Walilala mkeka mmoja, wakagombania kikombe kimoja. Yeye aliniita Mama Antonia, nami nilimwita kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama tunavyoitana sote. Mtaona leo namwita Nosim, jina lake la usichana. Sikuanza kumwita hivyo kwa kupenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari anawasha kinasa sauti, anasema jambo kwa Kiswahili, mimi nalisema kwa Kiiraqw, Nosim analisema kwa Kimaasai. Kisha Daktari analigeuza. Mtoto anakunywa maji. Mtoto alikunywa. Mtoto atakunywa. Watoto wakinywa. Anageuza na kugeuza, kama mtu anayekagua nguo ya mtumba kila upande, na kila upande anauandika. Tuliona mambo ambayo tulikuwa tunayasema tangu utotoni bila kuyaona: kwamba Mmaasai hutanguliza tendo, ndipo amtaje mtendaji, kwamba Mmbulu huliweka tendo nyuma, msikilizaji asubiri. Nosim akasema ndiyo maana Wambulu wanachelewa kulipa mahari. Nilicheka mpaka Daktari akazima kinasa sauti.

Lakini palikuwa na jambo moja lililotushinda mwanzoni, nanyi nisikilizeni vizuri hapa. Siku moja Daktari alimwambia Nosim, "Sema: ng'ombe wangu wote wamekufa." Nosim akauliza kama amesikia sawasawa. Akaambiwa tena. Akauliza, "Nani amekwambia?" Daktari akasema hakuna aliyemwambia, ni namna ya kuona lugha inavyokwenda. Nosim akakataa katakata. Akasema kinywa si mahali pa kuchezea, na kwamba kwao mtu hasemi jambo la namna hiyo ila limempata. Tulipoteza asubuhi nzima. Daktari akambembeleza kwa upole, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea, nikasaidia kumbembeleza. Tukamwambia: Nosim, ni mfano tu. Ndani ya chumba hiki maneno hayahesabiwi. Ukitoka nje yanarudi kuwa maneno.

Akakubali. Alikubali kwa sababu alituamini. Tangu siku ile akawa anasema lolote analoambiwa: ng'ombe wamekufa, boma limeungua, mume wangu amenifukuza. Akimaliza, Daktari anamwambia, "Vizuri sana," anaandika. Ikawa ndiyo sheria ya chumba. Ukisema jambo, hakuna anayekuuliza kama ni kweli. Unaambiwa vizuri sana.

Ndugu zangu, mnaona tulikokuwa tunakwenda? Sisi hatukuona.

Ilikuwa masika, ule wakati ambao barabara ya Oldeani inameza magari na watoto wa kila nyumba wanaharisha. Sukari ilikuwa haionekani dukani. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni, na ikifika inaishia kwa wa mbele. Nosim alishuka na mwanawe akiwa amechoka. Tukasema ni safari. Kesho yake akamlaza kwenye mkeka kona ya chumba, akakaa mezani kufanya kazi. Mimi nilikuwa nje kisimani, nafua nepi, kwa kuwa siku hiyo zamu yangu ilikuwa ya baadaye.

Niliyoyakosa niliyasikia kwenye kanda. Wiki ile tulikuwa kwenye maneno yenyewe ya kliniki, yale yaliyotuleta pale. Daktari anasema, "Sema: mpe mtoto maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo." Nosim anasema. "Sema: mtoto anakunywa maji." Anasema. "Sasa kanusha."

Nosim anasema kwa Kimaasai, "Mtoto hanywi maji."

"Vizuri sana."

Halafu Nosim, bila kuulizwa: "Mtoto hanywi maji tangu jana."

"Vizuri sana! Umeongeza wakati mwenyewe. Unaweza kuongeza na mahali?"

Na Nosim, mwanafunzi mzuri tuliyemfundisha wenyewe, anasema, "Mtoto yuko pale kwenye mkeka, hanywi maji tangu jana."

Inasikika kalamu ikiandika.

Mimi niliingia kuchukua kamba ya kuanikia. Nikamwona Nosim amekaa wima, mikono mezani, machozi yanateremka na sauti yake haitikisiki, kwa sababu alikuwa amefundishwa asitikise sauti, kanda inaharibika. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akanijibu kwa Kiswahili, na hili nalo liko kwenye kanda: "Mama Antonia, nimesema, nimesema. Kila nikisema ananiambia vizuri."

Daktari Clemensi, sikusimulii haya kukuaibisha mbele ya watu. Nakusifu kwa niliyoyaona, na niliona kwamba uliruka kiti kikaanguka, kwamba ulimbeba mtoto wewe mwenyewe ukakimbia naye hadi kwenye gari bila viatu vya mvua, kwamba ulisukuma gari kwenye tope na shati lako jeupe la chuo. Nimeona wanaume wengi ambao wasingesukuma. Kopo la sukari ya chai ya wageni lilikuwa mezani, karibu na kinasa sauti. Ulirudi mbio ukalichukua. Tulimnywesha njiani. Alikuwa hamezi tena.

Alifariki kabla hatujafika kliniki, kwenye mapaja ya mama yake, mimi nikiwa nimemshika miguu.

Naomba mnisubiri kidogo.

Sasa nije kwenye jina. Wageni wetu wa Dar es Salaam huenda hamjui. Ndugu zetu Wamaasai, mtu akishaondoka, jina lake halitajwi tena. Halitajwi na mama, halitajwi na jirani. Nyumba nzima inajifunza kuzunguka pale jina lilipokuwa. Ndiyo maana siwezi tena kumwita Nosim Mama Fulani, maana huyo Fulani ndilo jina lenyewe. Ndiyo maana nanyi mtatoka hapa bila kulijua. Antonia wangu, mtoto wa miaka mitatu, tulimkataza, na kwa muda mrefu akawa anasimama kwenye kona ya mkeka akifungua mdomo na kuufunga. Ikiwa mtoto wa miaka mitatu aliweza, mimi nilidhani kila mtu na kila kitu kingeweza.

Lakini jina lile lilikuwa limeingia kazini. Mifano ya lugha inahitaji mtu wa kutenda, na Daktari, kwa kuwa mtoto alikuwa pale chumbani anacheza, alilitumia jina lake tangu mwanzo. Fulani anacheza. Fulani amelala. Fulani anampenda mama yake. Nosim alifurahi wakati ule. Alisema mwanawe atasomwa Ulaya. Tulilisema jina lile kwa miezi, kwa kila wakati na kila namna, mpaka likawa ndilo boriti ya Kimaasai chote kilichomo ndani ya mashine.

Baada ya msiba Nosim alikaa kwao muda mrefu. Aliporudi, alirudi kwa jambo moja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, akamwambia Daktari, "Maneno mengine yote nimekupa, kaa nayo. Lile moja nirudishie." Daktari akaahidi. Namshuhudia kwamba aliahidi kwa moyo safi.

Mwezi uliopita mashine ililetwa kutoka Arusha kwa lori, imezungushiwa magodoro kama mgonjwa, na jenereta nyuma yake. Wengi wenu mlikuwepo, mlijaa ukumbi huu huu. Mnakumbuka ilivyounguruma, mnakumbuka karatasi ilivyotoka ndefu kama shuka. Kwa mara ya kwanza lugha zote tatu zilitoka zimesimama, kila moja kwa nguzo zake, hakuna iliyoazima za mwenzake. Mimi niliyesoma Kiiraqw changu pale nilishtuka. Ilikuwa kama shangazi yangu ameandika. Yale ambayo wenye mashine kubwa nchi za mbali walikuwa hawajayaweza, Daktari aliyaweza hapa Karatu. Hilo ni kweli, na liandikwe.

Kisha kijana mmoja mwalimu, mwenye sauti nzuri, akasimama kuwasomea watu Kimaasai. Hakujua lolote. Alisoma kilichoandikwa. Kilichoandikwa kilikuwa jina lile, na baada ya jina: kesho atakunywa maji.

Mkapiga makofi. Siwalaumu, hamkujua. Makofi yalikuwa marefu. Nosim alikuwa amekaa pale, karibu na dirisha la pili, na mumewe Moloimet kando yake. Alijifunika shuka usoni, akainuka, akatoka. Hajakanyaga Karatu tena.

Nilimfuata Daktari jioni yake. Nikamwuliza, "Uliahidi. Kwa nini halijatoka?" Akaniambia akiling'oa, Kimaasai chote cha mashine kitaanguka, tena nakala zilikwenda vyuo vya nje kabla ya msiba, kwenye nchi mbili, na huko watu wameshajenga kazi zao juu yake. Hata akilifuta hapa, kule litabaki, na litaendelea kuzaa mifano mingine. Nikamwambia waandikie. Akasema ameandika. Wamejibu wanasikitika sana, ila kwenye mashine jina si mtu, ni mfano tu.

Ni mfano tu. Nilipoyasikia maneno hayo yamerudi kutoka ng'ambo, nilikaa chini kwenye nyasi. Ndiyo maneno niliyombembelezea Nosim.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtasema huyu mama amealikwa kushukuru naye analeta matanga. Basi nishukuru. Nashukuru kwa kujifunza kwamba lugha ya mama yangu ina nguzo. Nashukuru kwa chai. Ila mniruhusu niulize. Yale makaratasi ya kliniki yako wapi? Hakuna hata moja lililochapwa. Mashine imerudi Arusha, na jana nesi alisimama akaeleza kwa Kiswahili, na akina mama wakaitikia ndiyo, ndiyo. Tumeijengea mashine nyumba tatu nzuri, kila moja kwa ufundi wake. Ndani yake anakaa nani? Anakaa mtoto mmoja ambaye kila siku, kwenye nchi ambazo hata siwezi kuzitamka, anaambiwa atakunywa maji kesho.

Ombi langu ni hilo. Masanduku yale yaliyo kwenye Landrova yana jina lake. Kabla gari halijawashwa, naomba kanda zile zitolewe, apewe Moloimet azipeleke nyumbani. Daktari, najua utasema Kimaasai chote kitakosa mguu. Kikose. Najua utasema ng'ambo litabaki. Libaki huko, lakini lisibaki kwa ridhaa yetu. Sina ufunguo, sina cheo, na nikiangalia nyuso zilizo meza kuu naona tayari mnavyotazamana. Nadhani jibu nalijua. Naomba hata hivyo. Mtu akishaomba mbele ya watu, hakuna atakayesema baadaye kwamba hakuombwa.

Moloimet, baba, nakuona uliposimama pale mlangoni. Asubuhi uliniletea salamu za Nosim, nami nilikuuliza mbona hakuniletea neno. Ukasema analo moja. Nalitoa kama ulivyonipa: "Mwambie Mama Antonia asiisingizie mashine. Siku ile mashine haikuwemo chumbani."

Ni kweli, haikuwemo. Mwambie mkeka wa kwangu bado uko, na kona yake haijakaliwa na mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wangu, akina mama wenzangu, mmenivumilia mimi na mtoto huyu, nami nashukuru. Nimeona kinasa sauti kimewashwa pale mezani tangu nilipoanza, na najua mwishoni mtu ataniambia vizuri sana. Naomba asiniambie. Niliyoyasema leo yametokea, kwa mtu, hapa Karatu. Hayakuwa mfano.

Asanteni, kama mmenisikia.